Nani Anampokea Mtoto Anayetoka Irambo?

Tanzania Bara ina shule moja ya maadilisho, nayo iko Irambo, mkoani Mbeya. Mtoto ambaye mahakama imeamuru apelekwe huko akitokea Dar es Salaam husafiri zaidi ya kilomita 800. Anayetoka Tanga au Kagera husafiri mbali zaidi. Muda wake ukiisha anairudia barabara ileile, lakini safari hii mwisho wa njia hakuna hakimu anayemsubiri. Huenda yupo mama anayehangaika na biashara ya vitumbua, baba wa kambo asiyetaka hata kumwona, jirani aliyeibiwa ambaye hajasahau, na kijiwe kilekile alichokiacha. Mpango wa kumpokea mtoto huyo ni kazi ya nani, kwa jina na kwa namba ya simu?

Sheria yenyewe si mbaya. Sheria ya Mtoto, Na. 21 ya 2009, katika kifungu cha 119, inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo cha gerezani. Kifungu hichohicho kinairuhusu mahakama kuamuru mtoto arudishwe kwao kwa gharama ya Serikali. Mahakama ya Watoto inapoketi, afisa ustawi wa jamii anatakiwa awepo, na kabla ya uamuzi huandaliwa taarifa ya uchunguzi wa kijamii inayoeleza mtoto anaishi na nani, aliacha shule lini na kwa nini, nyumbani wanakula nini, na nani anamsikiliza akisema.

Taarifa hiyo ni mali. Afisa ameipata kwa kwenda mtaani, kukaa na bibi wa mtoto na kuzungumza na mwalimu wake wa zamani. Ingefaa iwe kama kadi ya kliniki, ambayo mama huibeba kutoka zahanati hadi hospitali ya wilaya, na muuguzi yeyote akiifungua anajua mtoto amepata chanjo gani na uzito wake ulianza kushuka mwezi upi. Ikiishia kwenye jalada la mahakama, mtoto ataanza upya kila anakopelekwa: aulizwe maswali yaleyale, aeleze aibu yake kwa mgeni mwingine, na anayemuuliza asijue kilichokwisha kujaribiwa.

Na anakopelekwa ni kwingi. Polisi wako chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Mahakama ni mhimili unaojitegemea. Mahabusu za watoto na shule ya Irambo ziko chini ya wizara inayoshughulikia maendeleo ya jamii, jinsia, wanawake na makundi maalum. Afisa ustawi wa jamii wa wilaya anakotoka mtoto ameajiriwa na halmashauri, chini ya TAMISEMI, yaani ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa. Katika mwaka mmoja mtoto wa miaka 15 anaweza kupita kote huko, na kila mlango ukamfungulia faili lake. Hakuna hata mmoja kati ya watumishi hao anayelazimika kuwa mzembe ili mtoto apotee katikati yao. Inatosha kila mmoja aamini kwamba mwenzake anafuatilia.

Usimamizi wa shauri la mtoto, kwa maana yake ya kazi, ni kumpa mtoto mtu mmoja. Mtu huyo anajua faili lote, anajua kwao, na anaanza kupanga kurudi kwake tangu wiki ya kwanza anapoingia. Tuseme kijana ameiba simu Temeke, Dar es Salaam, na taarifa inaonyesha aliacha shule darasa la sita kwa sababu hakuwa anajua kusoma na aliona haya mbele ya wadogo zake. Basi kumfundisha kusoma ndiyo kazi ya kwanza ya taasisi. Kama mama yake hana nauli ya kwenda Mbeya, lazima pawepo utaratibu wa simu, wenye siku na saa, usiotegemea huruma ya mlezi aliyeko zamu. Miezi mitatu kabla ya kutoka, afisa wa Temeke aende nyumbani kuona kama pana kitanda, aongee na mtendaji wa mtaa, amtafute aliyeibiwa kama yuko tayari kusikilizwa, na atafute nafasi ya shule au ya ufundi. Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021 umefungua mlango kwa wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali kurudi darasani. Lakini waraka haumshiki mtoto mkono kumpeleka ofisini kwa mwalimu mkuu, na mzazi anayeogopa kuulizwa mwanawe alikuwa wapi anaweza asiende kabisa.

Kisha zinakuja wiki za kwanza nyumbani, nazo ndizo ngumu kuliko zote. Amri za taasisi zimekwisha, kengele ya kuamka haipo, wenzake wa zamani wamempokea kwa furaha kuliko mtu mwingine yeyote, na kitu kikipotea mtaani jina lake linatajwa kwanza. Afisa akipita wiki ya kwanza, akapita tena ya pili na ya tatu, anakuta matatizo yangali madogo. Akienda baada ya miezi sita anakuta kesi mpya.

Lipo kundi linalosahaulika zaidi hata kuliko watoto wa Irambo, nalo ni la waliokaa mahabusu wakisubiri kesi. Mahabusu za watoto zipo katika mikoa michache, ikiwamo Dar es Salaam, Arusha, Kilimanjaro, Tanga na Mbeya. Ukaguzi wa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora uliofanyika 2011 ulikuta watoto ndani ya magereza ya watu wazima. Mtoto wa mahabusu hajapatikana na hatia, kwa hiyo hana programu ya marekebisho wala tarehe ya kutoka inayoweza kupangiwa. Shahidi asipofika, kesi inaweza kufutwa asubuhi, na mchana mtoto yuko barabarani. Kwa macho ya sheria yuko huru. Kwa macho ya mtaa ametoka jela, ameacha shule miezi kadhaa, na hakuna mtu aliyeandikiwa kumtembelea. Faili lake lianze siku anayokamatwa, na lisifungwe kwa sababu tu kesi imefutwa.

Ushahidi kwamba njia nyingine inawezekana uko hapahapa nchini. Tangu 2012 programu ya marekebisho ndani ya jamii ilijaribiwa Temeke, na baadaye ikafika Mbeya. Mtoto anabaki nyumbani, anakutana na afisa, anapata ushauri nasaha na stadi za maisha, na familia yake inahusishwa. Anayebaki kwao hahitaji kuunganishwa upya na watu ambao hakuwahi kutenganishwa nao. Kanuni za Beijing za Umoja wa Mataifa za 1985 zilishasema kumweka mtoto kwenye taasisi kuwe hatua ya mwisho, na kwa muda mfupi iwezekanavyo.

Jirani zetu Wakenya wana historia inayofaa kukumbukwa. Wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa dhidi ya Mau Mau miaka ya 1950, serikali ya kikoloni iliwafungia vijana wa Kikuyu katika kambi ya Wamumu. Kambi ile ilikuwa chombo cha ukandamizaji, na hakuna sababu ya kuipamba. Lakini mmoja wa maofisa wake, Geoffrey Griffin, aliona kwamba kijana kuachiwa ni jambo moja, kupata pa kwenda ni jingine. Mwaka 1959, pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, alianzisha Nairobi kituo cha vijana wasio na makao, ambacho leo ni shule ya Starehe. Taasisi inayosifika sana Afrika Mashariki kwa elimu ilizaliwa na swali la nini kinafuata baada ya lango kufunguliwa.

Wapo watakaouliza kwa nini mtoto aliyeiba apewe afisa wake, wakati watoto wengi maskini ambao hawajaiba hawana. Swali ni la haki. Lakini kijana huyu anarudi, tupende tusipende, na jirani aliyeibiwa ndiye mwenye faida ya kwanza akirudi na kazi ya kufanya. Kamati za ulinzi wa wanawake na watoto za mitaa na kata zinaweza kusaidia, mradi siri za mtoto zisigeuzwe mjadala wa mkutano wa hadhara.

Amri ya mahakama inayompeleka mtoto Irambo ibebe mistari miwili zaidi: jina la afisa wa halmashauri anakotoka, na tarehe ambayo afisa huyo atamweleza hakimu mtoto yuko wapi na anafanya nini, miezi sita baada ya kurudi. Kama sheria ya sasa haitoshi kulazimisha hilo, Bunge liirekebishe. Nazo halmashauri ziweke kwenye bajeti fungu lenye jina la ufuatiliaji wa watoto hawa, likiwa na nauli ya afisa ndani yake, na lisihamishwe fedha zinapopungua katikati ya mwaka.