Maoni: Orodha ya nyimbo ya mwanamuziki isikuwe kioo cha kujiangalia mwenyewe

Katika miji ya mashariki mwa Kongo, kutoa wimbo si shida kubwa tena. Kijana wa Katindo huko Goma, ao wa Kadutu huko Bukavu, anarekodi katika studio ndogo ya mutaa wake, na kisha siku chache wimbo wake unasikilizwa kwenye Spotify, Boomplay ao Audiomack. Shida inaanza kesho yake. Anatuma linki katika vikundi vya WhatsApp, marafiki wanamupongeza, lakini wengi wao hawaifungui. Juma moja linapita, na wimbo unasahauliwa.

Zamani tamasha lilikuwa linasaidia. Lakini tangu vita vilipofika Goma Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa, benki zikafunga milango, na safari kati ya miji zikakuwa za mashaka. Mwanamuziki wa Beni hawezi tena kupanga tu kwenda kuimba Goma. Wimbo wake ndio unaweza kupita bila kuonyesha karatasi kwenye kizuizi chochote.

Ndiyo maana vijana wengi wameanza kujitengenezea orodha za nyimbo, zile wengi wanaita pleilisti. Ni jambo zuri, na halilipishwi. Lakini wengi wanakosea palepale mwanzoni: wanajaza orodha na nyimbo zao wenyewe, wanaweka picha yao juu, na jina lao. Nani atatafuta jina lenye hajawahi kusikia? Musikilizaji anatafuta kile anahitaji: nyimbo za harusi, rumba ya jioni, nyimbo za kufanya usafi wa nyumba Siku ya Posho. Orodha yenye jina la namna hiyo inaweza kupatikana na mutu asiyemujua mwanamuziki hata kidogo.

Katika orodha ya nyimbo 30, nyimbo 3 za mwenyewe zinatosha. Zingine zikuwe za watu wenye kujulikana na za majirani wenye kuimba namna moja naye. Musikilizaji anaingia juu ya ule anayemujua, anatoka na mwingine. Innoss'B, mutoto wa Goma, alipata faida ya namna hiyo mwaka 2019, wakati Diamond Platnumz alimuunga mukono katika wimbo "Yo Pe": wasikilizaji wa mumoja wakakuwa wa wote wawili. Kijana asiye na feza ya kualika nyota kutoka Dar es Salaam anaweza kujaribu jambo hilo kwa kiasi chake, kupitia orodha.

Na faida kubwa zaidi itapatikana ikiwa wanamuziki wa Goma, Bukavu, Butembo, Bunia na Uvira wanawekeana nyimbo. Kidole kimoja hakivunji chawa. Tangu mwaka 2024, Spotify hailipi wimbo wenye haukufikisha masikilizo 1.000 katika miezi 12. Hesabu yake haiogopeshe: watu 84 wakisikiliza wimbo mara moja tu kila mwezi, mwaka unaisha na masikilizo 1.008. Kupata watu hao 84 peke yako ni kazi ngumu. Lakini wanamuziki kumi, kila mumoja akileta ndugu na marafiki kumi kwenye orodha moja, wanafikisha watu 100.

Kuna wenye kusema kwamba ni kujisumbua bure, kwa sababu mega ni bei kali, na huku watu wanapeana nyimbo kwa Bluetooth na kadi ya simu. Ni kweli. Tena, hata wimbo wenye kuvuka masikilizo 1.000 hauwezi kulipa kodi ya nyumba. Lakini watu wa Kivu na Ituri wako pia Kampala, Nairobi, Brussels na miji ya Marekani, kule intaneti haikatike kila saa, na wanatamani nyumbani. Orodha nzuri ya nyimbo za harusi inaweza kupigwa kwenye sherehe huko, na mutu akauliza ule mwenye kuimba ni nani. Simu ya kualikwa inaanzaka hivyo.

Hatari iko mahali pengine. Kuna watu wenye kuuza nafasi katika orodha, ao masikilizo maelfu kwa dola chache. Spotify inakataza kulipia nafasi hizo. Masikilizo ya uongo yakigunduliwa, yanafutwa, na tangu 2024 kampuni yenye kusambaza wimbo inaweza kutozwa faini, yenye inaweza kumurudilia mwanamuziki mwenyewe. Dola hizo ni heri zilipe mega za mwezi.

Basi wanamuziki wa muji mumoja wakutane, wachague jina moja lenye watu wanatafuta, wapange zamu: kila juma mumoja wao aondoe nyimbo zenye watu wanaruka na kuweka mpya. Na kila mwenye kuweka wimbo wake, aweke pia ya wawili wa muji mwingine.