Pointi za uaminifu: uaminifu kwa nani?



Katika mazungumzo yetu ya baada ya mikutano limeingia jambo ambalo wazee wetu hawakulijua: pointi za hoteli. Mtu aeleza kwamba amelala siku mbili pamoja na mke wake katika hoteli kubwa ya Gombe, katikati ya mji wa Kinshasa, yenye kitanda kipana, maji ya moto na chakula cha asubuhi, na hakutoa hata franka moja. Wengine wampongeza. Mmoja auliza kwa sauti ya chini namna ya kujiandikisha. Hatuna nia ya kumhukumu ndugu huyo, ambaye kwa mambo mengine twamjua kuwa mtu mwema na mchapakazi. Twataka kuuliza swali moja tu ambalo huwa haliulizwi pale: siku zile mbili zililipwa na nani? Maana chumba cha hoteli hakilipwi na upepo.

Tuanze na namna jambo lenyewe linavyofanya kazi, kwa kuwa wengi wetu twasikia neno bila kujua hesabu yake. Desturi hii ilianza kwenye ndege. Mwaka wa 1981 kampuni ya Marekani, American Airlines, ilianza kuwahesabia abiria wake maili walizosafiri, ili wenye maili nyingi wapate safari ya bure na wasivutiwe na kampuni nyingine. Hoteli zikafuata: Holiday Inn na Marriott mwaka wa 1983, Hilton mwaka wa 1987. Leo karibu kila kampuni kubwa ya hoteli ina mpango wake, na Accor ya Ufaransa, ambayo jina lake la Pullman twalisoma hapa kwetu Kinshasa na Lubumbashi, inao wake pia. Mgeni hujiandikisha bila malipo, hupewa namba, na kila anapolala huongezewa pointi kwa kadiri ya bei ya chumba.

Kwa Accor, kanuni iliyodumu kwa miaka mingi ni hii: mgeni wa daraja la kwanza hupata pointi 25 kwa kila euro 10 katika sehemu kubwa ya hoteli zake, na pointi 2000 humpunguzia euro 40 anapolipa mara nyingine. Sisi walimu hatuwezi kuiona kanuni ya namna hiyo tusichukue chaki. Tuseme chumba ni euro 200, na mtu amelala mara nane katika mwaka kwa ajili ya semina mbili. Amegharimu euro 1600. Pointi zake ni 4000, yaani euro 80. Ni tano kwa mia. Wenye madaraja ya juu hupata zaidi. Na fedha hiyo haitoki mfukoni mwa mwenye hoteli kwa ukarimu wake: kila hoteli hutoa sehemu ya malipo ya wageni waliojiandikisha na kuipeleka katika mfuko wa mpango, na mgeni wa pointi akija, mfuko huo huirudishia hoteli kitu. Kwa hiyo gharama ya zawadi imo tayari ndani ya bei. Aliyelipa chumba ameilipa na zawadi.

Kuna wanaosema kwamba pointi ni mchezo tu. Katika mwaka wa 2020, ndege ziliposimama kwa sababu ya ugonjwa wa korona, kampuni za United na Delta za Marekani ziliweka mipango yao ya maili kuwa dhamana, zikakopeshwa mabilioni ya dolari. Delta peke yake ilipata bilioni 9. Benki hazikopeshi kwa dhamana ya mchezo.

Sasa, mama mfanyabiashara wa Butembo anayekwenda Kinshasa kwa fedha yake, akalala hotelini kwa fedha yake, pointi ni zake. Hapo hatuna neno. Ni sawa na nyongeza ambayo muuza maharagwe humwekea mnunuzi wake wa kila siku, kiganja kimoja juu ya kipimo, ili arudi tena kesho.

Lakini tumfikirie mtoto anayetumwa sokoni. Mama amempa fedha, amemwambia alete kilo mbili za maharagwe. Muuzaji, anayemjua mtoto, anamwekea kiganja juu ya kipimo. Kiganja kile kinakwenda wapi? Katika nyumba zetu zote kinakwenda katika chungu, pamoja na maharagwe mengine, na wote wanakula. Sasa tuseme muuzaji ni mwerevu zaidi. Hamwekei kiganja katika kikapu. Anampa mtoto pipi mfukoni, na kesho tena pipi, mpaka mtoto apite mbele ya meza tano zenye maharagwe ya bei nafuu ili afike kwake. Mama nyumbani anaona tu kwamba fedha ya maharagwe haitoshi siku hizi, wala hajui sababu.

Ndipo lilipo jambo lote. Katika nchi yetu, sehemu kubwa ya watu tunaowafahamu ambao hulala katika hoteli kubwa za mjini hawalipi wenyewe. Ni watu waliotumwa: wajumbe wa ofisi za serikali, watumishi wa mashirika, washiriki wa semina, wakaguzi wa miradi, na mara nyingine sisi wenyewe tunaotumwa na koordinasio ya shule au na chama. Chumba hulipwa na wazazi, na waamini waliotoa sadaka, na mfadhili wa mbali, na hazina ya taifa. Pointi hazimfuati aliyelipa. Zinamfuata aliyelala. Na hilo si kosa la hesabu lililosahauliwa kurekebishwa. Ndilo fundisho lenyewe la biashara hii: mlipaji yuko mbali na hana sura, bali mchaguzi yuko karibu na ana jina, basi mfurahishe mchaguzi kwa fedha ya mlipaji. Sisi Wakongomani tuna neno la kale kwa kitu cha namna hiyo. Twakiita matabishi. Hapa matabishi yamevaa tai na kupewa namba ya uanachama.

Wameyaita pointi za uaminifu, na jina hilo twaona linastahili kusomwa polepole. Uaminifu ni neno tunalolitumia kwa mume na mke, kwa mtunza hazina, kwa mtumishi aliyekabidhiwa mali ya bwana wake. Hapa mtumishi anasifiwa kwa uaminifu wake kwa muuzaji.

Tumesikia jibu la wasafiri, na ni jibu lenye uzito. Wanasema: nani anayejua taabu ya safari? Ndege inaahirishwa siku mbili, posho inachelewa, mtoto anaugua nyumbani baba akiwa Kinshasa, na mke anabeba yote peke yake. Je, mtu huyo hastahili siku mbili za kupumzika na mke wake? Twasema anastahili. Tena twaona kwamba katika habari yote ya pointi, lile la mume kumkumbuka mke wake ndilo jambo zuri kuliko mengine. Wapo wanaokwenda peke yao.

Nchi nyingine zimelikabili swali hili kabla yetu, wala hazikujibu namna moja. Huko Marekani, kwa miaka mingi maili alizozipata mtumishi wa serikali kuu katika safari ya kazi zilikuwa mali ya serikali, asiweze kuzitumia kwa mambo yake. Mwishoni mwa mwaka wa 2001 sheria ilibadilishwa, mtumishi akaruhusiwa kuzichukua. Ujerumani ilishika njia nyingine: wabunge walitakiwa kuzitumia maili za safari za kazi kwa safari za kazi tu. Katika mwaka wa 2002 gazeti la Bild lilitangaza kwamba baadhi yao walizitumia kwa safari zao binafsi, na Gregor Gysi, ambaye wakati ule alikuwa waziri wa uchumi katika serikali ya Berlin, akajiuzulu kwa sababu hiyo. Waziri kuacha kiti chake kwa ajili ya tiketi! Kwetu, anayesikia habari hiyo hucheka kwanza. Lakini tuangalie vizuri: nchi zote mbili, iliyoruhusu na iliyokataza, ziliandika kanuni yake waziwazi, na mlipa kodi aliweza kuisoma. Kwetu hakuna aliyeruhusu na hakuna aliyekataza, na hapo ndipo kila mmoja hujiandikia sheria yake mwenyewe mbele ya meza ya mapokezi, akiwa na begi mkononi.

Euro 80, ambazo si kitu kidogo kwa mwalimu wa kijijini, hazitusumbui kuliko yote. Kinachotusumbua ni uchaguzi. Katika Kinshasa zipo nyumba za wageni za watawa na za majimbo, safi, zenye usalama na chandarua, kwa bei ndogo kuliko ile ya hoteli kubwa. Nyumba hizo hazina pointi. Siku mtu anapoandika bajeti ya semina, akiweka hoteli mahali pa nyumba ya watawa, ataleta sababu nzuri: intaneti, ukaribu na wizara, heshima ya wageni. Huenda sababu hizo ni za kweli. Lakini yeye mwenyewe hawezi tena kujua kama ni za kweli, kwa kuwa pipi imo mfukoni. Twaijua nafsi ya mtu. Haikosi hoja pale penye faida yake.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Kampuni kama Marriott, Hilton na Accor zina pia zawadi kwa ajili ya yule anayepanga mkutano. Ukumbi, vinywaji, chakula cha mchana cha washiriki, hivyo vyaweza kumletea mwandalizi pointi kwa jina lake. Fikirini basi semina ya siku nne juu ya ubora wa elimu, inayofanyika katika ukumbi wenye baridi ya mashine, nayo inazungumzia shule ambamo watoto wanaketi juu ya matofali, ambamo, tangu elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa bila malipo mwaka wa 2019, bado wapo walimu wanaofundisha bila kuingizwa katika orodha ya mishahara ya serikali. Kila kikombe cha kahawa cha semina hiyo kinamwongezea mtu mmoja hesabu. Hatusemi kwamba semina iliandaliwa kwa ajili hiyo. Twasema mwalimu yule asiyelipwa angekuwa na haki ya kuuliza.

Maoni yetu, basi, kuhusu chama chetu na ofisi zinazotutuma. Pointi zilizopatikana kwa fedha ya wote ni za chungu. Kwa kuwa hesabu ya pointi huandikwa kwa jina la mtu, haiwezekani kwa urahisi kuzihamishia kwa chama, lakini njia ipo: msafiri aziandike katika ripoti yake, mstari mmoja tu, na safari itakayofuata ya kazi zitumike hizo kwanza kabla ya kuomba fedha kwa mtunza hazina. Asiyetaka kusumbuka na mstari huo, aache kutoa namba yake pale mapokezi, hakuna anayelazimishwa. Na jambo la pili, ambalo kwetu lina nguvu kuliko la kwanza: atakayelala hotelini asiwe yeye anayeichagua, wala anayepanga semina asiwe yeye anayetia sahihi bei ya ukumbi. Mtu mwingine wa kamati afanye hivyo, akiwa na bei za nyumba tatu mbele yake, na ile ya watawa iwemo.

Kama wanachama wataona kwamba msafiri aachiwe pointi ziwe shukrani kwa taabu yake, hilo pia laweza kuamuliwa kwa haki, na sisi tutalitii ingawa tungepiga kura ya kupinga. Liamuliwe katika mkutano, mbele ya wale wasiosafiri kamwe: katekista anayetembea kilomita 20 kwa miguu kwenda kituo chake, na mama wa jumuiya ndogo anayefagia kanisa. Wao hawana mpango wowote unaowahesabia hatua. Na kama tunataka kumshukuru msafiri na mke wake, tuwape kitu kwa mkono ulio wazi, kiandikwe katika kitabu, ili wakile bila kunong'ona.

Wametuuliza kama ndugu tuliyemtaja mwanzoni arudishe gharama ya siku zile mbili. Hapana. Hakuna kanuni aliyoivunja, na si haki kumtunga mtu sheria baada ya tendo. Lakini amesema mwenyewe kwamba bado anazo pointi nyingine. Kwa Accor pointi hufa zisipopata kulala kupya ndani ya siku 365, kwa Marriott ndani ya miezi 24 bila matumizi. Kamati inakutana kabla ya kufunguliwa kwa mwaka wa shule, na safari ya wajumbe wawili kwenda Kinshasa imo katika orodha ya mambo ya kuzungumzwa. Jina la mahali pa kulala bado halijaandikwa.