Wazazi, Njoeni Uwanjani

Wazazi wengi hapa Nyeri huja shuleni siku ya matokeo tu. Michezo na nyimbo huona ni upuuzi. Mbona basi twajivunia Catherine Ndereba, binti wa Nyeri? Alijifungua mwaka 1997, akarudi barabarani, akashinda mbio za Boston mara nne kati ya 2000 na 2005. Ikiwa mzazi alikimbia, wetu hawawezi hata kutazama?

Lakini tusiwalaumu bure. Mama yangu huchuma chai kule Othaya, na majani hayangoji mtu. Mashindano yetu nayo huwa katikati ya juma, asubuhi. Atakujaje? Walimu wetu, tuyapeleke Jumapili alasiri, baada ya ibada. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo, ila mlezi naye apewe nafasi.