Zari Haitaki Haraka

Siku hizi kumezuka mtindo wa kuilaumu zari. Mtu huitia katika cherehani yake ya nyumbani, ikikatika mara tatu huitupa akisema ni mbovu, kisha hukimbilia utepe wa kubandika. Mimi nasema zari haina kosa. Kosa ni letu.

Nayasema haya kwa kuwa yamenifika. Naishi Membley, hapa Ruiru, mbali na Mombasa nilikozaliwa. Mwezi mmoja kabla ya nikaha ya mwanangu nilianza kulidarizi joho lake. Uzi ulikatika hata machozi yakanilenga. Kijana akaniambia, "Mama, si tununue tu lililo tayari?"

Usiku ule niliuchunguza uzi wenyewe. Neno zari asili yake ni Kiajemi, lina maana ya dhahabu. Lakini zari ya madukani leo aghalabu ni ukanda mwembamba wa plastiki uliopakwa alumini, ukazungushwa juu ya uzi mwingine. Ukisuguliwa katika tundu dogo la sindano, ukanda huchanika, uzi hukatika.

Basi nilitia sindano namba 14 yenye tundu pana, nikalegeza uzi wa juu, chini nikaweka uzi wa kawaida. Nikarefusha mshono, nikakanyaga polepole. Kibiringo nikakisimamisha kizunguke chenyewe, uzi usijisokote. Zari nene isiyopita sindanoni niliizungushia bobini, nikashona nguo ikiwa imepinduliwa. Haikukatika tena ila mara mbili.

Joho lilikwisha siku mbili kabla ya harusi. Shingoni mshono umepinda kidogo. Nimeuacha vivyo hivyo.

Ndugu msomaji, la kununua si haramu, wala simcheki anayenunua. Lakini watoto wetu waliozaliwa huku bara watayajua mavazi ya kwao kwa njia gani, ikiwa wanayaona yakitoka katika mfuko wa dukani tu? Joho ni vazi la heshima, na heshima hiyo mtoto huionja vizuri zaidi akiwa ameshika nguo huku mamaye akishona.

Tuwakalishe mbele ya cherehani, wa kike na wa kiume. Uzi ukikatika tusiwafokee. Tuwaambie wautunge tena.