Kabla ya Kumwita Mtoto Mzito

Wapo watakaouliza: panya wa maabara za Marekani wanatuhusu nini sisi wa Pemba, hata tuwape ukurasa wa kwanza? Wanatuhusu sana.

Mwaka 2009 watafiti wa Minnesota, huko Marekani, walichapisha habari za panya walioondolewa jeni moja tu, tena katika seli za hipokampasi peke yake, sehemu ya ubongo inayoshughulika na kumbukumbu. Jeni hiyo huiwezesha seli kuingiza madini ya chuma. Panya hao hawakuwa na upungufu wa damu. Walitiwa kwenye tangi la maji yaliyotiwa rangi nyeupe, na chini ya maji kimefichwa kijukwaa cha kupumzikia. Panya mzima akishaogelea mara kadhaa huenda moja kwa moja mpaka kilipo. Hawa, mtihani ulipozidi ugumu, waliachwa nyuma.

Watoto wetu jeni hiyo wanayo. Chuma chenyewe ndicho kinachokosekana: minyoo ya safura inakunywa damu, malaria inavunja chembe zake, na sahani mara nyingi ni muhogo mtupu. Utafiti uliofanyika hapa hapa Pemba, ukachapishwa mwaka 2001, uliwapa baadhi ya watoto 614 wa chini ya miaka mitano matone ya chuma kila siku kwa mwaka mzima. Lugha yao ilipanda, si kwa kiasi kikubwa, lakini ilipanda. Kwangu mimi hilo ni jambo zito: uwezo tuliodhani mtoto kazaliwa hana ulikuwa unasubiri lishe.

Hata hivyo, asikimbilie mtu duka la dawa. Jaribio kubwa zaidi, la hapa Pemba vilevile, lilisimamisha vidonge vya chuma Agosti 2003, kwa kuwa watoto waliopewa walilazwa au kufariki kwa asilimia 12 zaidi ya wenzao. Malaria ilikuwa bado kali. Panya anatuonyesha chuma kinafanya kazi gani ndani ya ubongo. Namna ya kumpa chuma hicho mtoto wa Micheweni, hapa Pemba, kwa usalama hawezi kutuonyesha.

Basi walimu na wazee wenzangu, mtoto akichelewa kusema au akisahau somo la jana, msimwite mzito. Mpelekeni kituo cha afya apimwe damu, choo na malaria kwanza, na chuma apewe kwa ushauri wa daktari.