Karakana Ipo Tayari, Ila Haina Ubao wa Shule

Tangu Januari 2024 mtaala mpya umemfungulia mwanafunzi wa kidato cha kwanza njia mbili: elimu ya jumla na mafunzo ya amali. Ni hatua nzuri. Tatizo ni kwamba amali inadai karakana, mashine na mwalimu anayejua kuzitumia, na bajeti ya vitu hivyo huchelewa sana kufika Nyabibuye, kata ya wilaya ya Kakonko iliyomegwa kutoka Kibondo mwaka 2012, jirani kabisa na Burundi.

Tumeshawahi kupita huku. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, lililotaka elimu iunganishwe na kazi, sekondari zetu ziligawiwa michepuo ya kilimo, biashara, ufundi na sayansi kimu. Vipuri vilipokosekana, karakana nyingi zikageuka stoo.

Kwa hiyo naunga mkono jibu lililo karibu zaidi: mwanafunzi wa miaka 15 au 16 abaki darasani siku tatu, siku mbili awe kwa fundi. Wajerumani hufanya hivyo kwa vijana wao, tena huko siku nyingi ni za kazini. Kuanzia Kakonko hadi Kibondo na Kasulu tunao mafundi pikipiki, maseremala, wachomeleaji na wafugaji wa nyuki. Mtazame fundi pikipiki anavyomzuia kijana asichokonoe jeti ya kabureta kwa waya. Tundu likipanuka, petroli inazidi hewa, plagi inashika masizi na injini inakunywa mafuta. Hiyo ni kemia, na mwenye pikipiki amesimama pale pale akisubiri majibu ya mtihani.

Wazazi wanaohofia mtoto kufanywa kibarua wana haki ya kuhofia. Wako vijana wanaoitwa wanafunzi wa ufundi huku mwaka mzima wakifagia, wakichota maji na kutumwa chai. Sheria ya Mtoto ya 2009 inautambua uanagenzi kuanzia miaka 14, inataja mkataba na kumpa fundi wajibu wa kufundisha na kumlinda mtoto. Ni watu wangapi kijijini wamewahi kuuona mkataba huo? Makubaliano huishia mdomoni, na mzazi anashukuru tu kwamba mtoto hazururi.

Mkataba pekee hautoshi. Fundi anayesimamisha kazi ili aeleze anapoteza mteja, hivyo alipwe. Fedha zipo mahali pa kuanzia: waajiri hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi kila mwezi, na sehemu yake huenda VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi. VETA hiyo hiyo ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi, unaompima fundi wa mtaani na kumpa cheti bila kumrudisha darasani. Apimwe kwanza yeye, ndipo akabidhiwe mtoto wa mtu. Na msichana asisukumwe kwenye cherehani kwa sababu tu ni msichana. Anayetaka kuchomelea apewe miwani na glavu.

Hata hivyo, siku mbili zisije zikawa tano. Shule ikiacha kuhesabu mahudhurio, kijana akaonja hela ya kuziba pancha, hesabu na Kiingereza vitamponyoka, na fundi asiyejua hesabu hupunjwa na wauza vipuri maisha yake yote.

Halmashauri ya Kakonko haihitaji jengo jipya ili kuorodhesha mafundi wa kila kata na kuwaita mezani na wakuu wa shule. Ianze na hilo muhula ujao.