Mbwa wa Mnyororoni: Sheria Ianzie Wapi?

Tarehe 2 Desemba 2025, Rais Karol Nawrocki wa Poland alikataa kutia saini mswada uliokusudia kupiga marufuku ufungaji wa mbwa kwa mnyororo. Bunge la nchi hiyo lilikuwa limekwisha kuupitisha. Rais hakudai kwamba mnyororo ni jambo jema. Hoja yake ilikuwa kwamba vipimo vya vibanda vya mbwa vilivyotakiwa na mswada huo vilipita kiasi, na kwamba mzigo wake ungewaangukia watu wa vijijini. Kwa hiyo yakabaki masharti yaliyowekwa nchini humo mwaka 2011, yasemayo kwamba mbwa asifungwe kwa zaidi ya saa 12 kwa siku, na kwamba mnyororo wake usipungue mita 3.

Huenda msomaji wetu wa Kamembe au Bugarama akauliza: mbwa wa Poland wanatuhusu nini sisi tunaoishi kati ya Ziwa Kivu na msitu wa Nyungwe? Jibu ni kwamba wanatuhusu sana. Swali lililowagawa wakubwa wa Poland ndilo lililopo katika kila boma la mfugaji wa Rusizi, ingawa halijafika mbele ya wabunge. Mwenye mbuzi wawili, nguruwe mmoja, au ng'ombe aliyepewa kwa mpango wa Girinka ulioanza mwaka 2006, anahitaji mlinzi wa usiku. Mlinzi huyo ni mbwa. Naye mbwa, akiachwa azurure, huleta ugomvi na majirani, hushambulia mifugo ya watu, na anaweza kurudi nyumbani na kichaa. Serikali inasema asizurure. Mwananchi mtiifu ananunua mnyororo.

Hapo ndipo penye tatizo tunalotaka kulichambua leo. Amri ya kumzuia mbwa asizurure ni amri njema. Lakini amri isemayo "mfunge" bila kusema afungwe vipi, kwa muda gani, na apewe nini akiwa kifungoni, humwachia kila mtu atafute njia iliyo rahisi kupita zote. Na njia iliyo rahisi kupita zote ni mnyororo mfupi kwenye mti, mchana na usiku, mwaka hata mwaka.

Tutazame jinsi tunavyowatendea wanyama wengine. Nchi yetu imesisitiza kwa miaka mingi kwamba ng'ombe afugwe zizini, asiachwe kula ovyo kwenye ardhi ya watu. Mfugaji aliyekubali utaratibu huo anajua kuwa kumzuia ng'ombe ndani ni kuchukua deni: kwa kuwa mnyama hawezi tena kujitafutia, mwenyewe lazima amkatie majani, amchotee maji, na amwezekee paa. Hakuna ofisa wa mifugo atakayemsifu mtu aliyemfungia ng'ombe zizini bila majani. Mbwa naye tumemzuia asijitafutie, lakini deni lake wengi wetu hatulilipi. Akipata mabaki ya ugali ni bahati yake. Maji ya kunywa aghalabu hakuna anayeyakumbuka.

Fikra hii si ngeni. Katika mafundisho wanayoyajua Waislamu wa Kamembe na Bugarama, kimo kisa cha mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: alimfunga, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie mwenyewe. Kosa lake halikuwa kumfunga tu. Alimnyima mnyama uhuru, kisha akamnyima na badala ya uhuru. Sheria zote nzuri za mambo haya, ukizichunguza, zimesimama juu ya msingi huo.

Wako watakaosema kwamba kuzungumzia raha ya mbwa ni anasa ya nchi zilizoshiba. Nasi hapa Rwanda tunalo jambo jingine zito zaidi. Katika Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, mbwa waliobaki bila wenyewe walikula miili ya waliouawa. Askari wa RPF waliwapiga risasi, na kwa miaka iliyofuata mbwa walikuwa wachache mno nchini. Mtu aliyeyaona hayo halazimiki kumpenda mbwa, wala hapana mwenye haki ya kumlaumu. Kwa sababu hiyo sisi hatutaanza hoja yetu kwa mapenzi ya mbwa. Tutaanza kwa usalama wa watu, na hasa usalama wa watoto.

Iko imani kwamba mnyororo humlinda mpita njia. Hiyo ni kweli kwa kadiri ya urefu wa mnyororo. Kuhusu tabia ya mbwa mwenyewe, mambo ni kinyume. Uchunguzi uliofanywa katika jiji la Denver, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1994, uliwalinganisha mbwa waliouma watu na wale wasiouma. Ulionyesha kwamba mbwa anayefungwa mnyororo uani ana uwezekano wa kuuma unaokaribia mara 3 ya yule asiyefungwa. Sababu haifichiki. Mbwa anapotishwa ana njia mbili, kukimbia au kushambulia; aliyefungwa ameondolewa ya kwanza. Pia hajifunzi kupambanua mgeni na mwizi, kwa kuwa wote huwaona kutoka kwenye duara lile lile la vumbi. Siku mnyororo unapokatika, wa kwanza kukutana naye mara nyingi ni mtoto.

Kuna na kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huo huua watu wapatao 59,000 kila mwaka ulimwenguni, wengi wao kabisa katika Afrika na Asia, na kwamba katika kila watu 100 walioupata, hadi 99 waliambukizwa na mbwa. Dalili zikishajitokeza, mgonjwa karibu hana tumaini. Watu wengi hudhani kuwa mbwa wa mnyororoni yu salama na ugonjwa huu kwa sababu hatembei. Lakini mbwa mwenye kichaa hutembea, naye akiingia bomani usiku humkuta aliyefungwa hawezi kukimbia wala kujitetea. Mnyororo hauwezi kuwa chanjo.

Kinachozuia kichaa ni sindano. Wataalamu wanakubaliana kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa mahali pamoja, ugonjwa hukatika. Kisiwa cha Pemba ni ushahidi wa karibu: kwa kampeni za chanjo ya mbwa, ugonjwa huo ulikomeshwa huko, ukarudi mwaka 2016, na kufikia mwisho wa 2018 chanjo ikaukomesha tena. Pemba, hata hivyo, imezungukwa na bahari. Rusizi imetenganishwa na Bukavu kwa mto tu, na mbwa hahitaji hati ya kuvuka mpaka. Kwa hiyo chanjo ya upande mmoja bila ya upande wa pili itakuwa sawa na kuteka maji kwa pakacha.

Sasa tuje kwenye sheria zenyewe. India, kwa sheria yake ya mwaka 1960 ya kuzuia ukatili kwa wanyama, ilitaja kuwa ni kosa kumfunga mnyama kwa muda usio wa haki kwa mnyororo mfupi mno au mzito mno. Tena ikamtaja mwenye mbwa wa kufungwa ambaye hampi nafasi ya kunyoosha viungo. Austria ilikataza mnyororo moja kwa moja kuanzia mwaka 2005. Jimbo la California, tangu 2007, linaruhusu kumfunga mbwa kwa saa zisizozidi 3 katika kila saa 24. Jimbo la Texas, kuanzia Januari 2022, limekataza minyororo kwa mbwa wa nje. Anayefungwa afungwe kwa kamba isiyopungua futi 10 au mara 5 ya urefu wa mbwa, na lazima awe na kivuli na maji. Katika jirani zetu, Tanzania ilitunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama, namba 19 ya mwaka 2008.

Mfano unaotufundisha zaidi ni ule wa Ujerumani. Kanuni ya nchi hiyo ya mwaka 2001 haikukataza kumfunga mbwa. Ilitaka afungwe kwenye waya wa kutelezea wenye urefu usiopungua mita 6, ili aweze kwenda na kurudi, na apate nafasi ya mita 5 ubavuni. Baada ya miaka 20 na zaidi, yaani kuanzia 2023, ndipo ufungaji ukapigwa marufuku, isipokuwa kwa mbwa wa kazi walio chini ya uangalizi. Wajerumani walipita kwenye waya kabla ya kufika kwenye marufuku. Wapolandi walijaribu kuruka kutoka kwenye mnyororo hadi kwenye kibanda kikubwa, wakakwama.

Je, Rwanda imesimama wapi? Tunayo sheria namba 54/2008 ya tarehe 10 Septemba 2008 kuhusu kuzuia na kupambana na magonjwa ya kuambukiza ya wanyama wa kufugwa. Aidha, mwaka 2019 nchi ilifuta kwa sheria moja maandiko ya kisheria yaliyotungwa kabla ya uhuru wa 1962. Ng'ambo ya mto, Wakongo bado wanatumia kanuni ya madeni na mikataba ya mwaka 1888, ambayo katika kifungu chake cha 261 humfanya mwenye mnyama awajibike kwa hasara aliyoileta mnyama huyo, awe mikononi mwake au awe ametoroka. Wazo hilo ni la haki. Lakini huzungumza baada ya mtoto kuumwa. Tunachohitaji ni kanuni inayozungumza kabla.

Kanuni hiyo isitungwe kwa kumtazama mtu wa Vienna mwenye ukuta wa matofali na lango la chuma. Itungwe kwa kumtazama mkulima wa Nyakarenzo au Gashonga, mwenye kipande cha shamba kisichofika hekta moja, asiye na ua, na ambaye jirani yake yuko hatua 20 tu. Ukimwambia mtu huyo leo kwamba mnyororo ni marufuku, umempa njia mbili: kumwachia mbwa azurure, au kumuua. Zote mbili ni mbaya kuliko mnyororo. Sheria isiyotekelezeka huwafundisha wananchi kuidharau na sheria inayotekelezeka.

Kwa maoni yetu, hatua ya kwanza iwe ya mambo manne yasiyohitaji fedha nyingi. Kwanza, chanjo: mbwa asiyechanjwa asiruhusiwe kukaa katika kijiji, na chanjo iletwe karibu na watu, si watu wasafirishwe na mbwa wao kuifuata. Pili, waya badala ya mti: waya mmoja kati ya nguzo mbili, pete moja, na kamba. Fundi yeyote wa Kamembe anaweza kuutengeneza, nao humpa mbwa mwendo bila kumfikisha njiani. Tatu, maji, kivuli, na mkanda mpana wa shingo usiokata nyama. Nne, muda: mwenye ua amfungue usiku, kwani mlinzi aliyefungwa hawezi kumfukuza mwizi aliyesimama hatua moja nje ya mnyororo; na asiye na ua amtembeze kwa kamba kila siku. Anayeona kuwa masharti haya ni mazito basi hana nafasi ya kufuga mbwa, kama vile asiye na majani hana nafasi ya kufuga ng'ombe.

Utekelezaji nao usianze kwa faini. Uanze katika mikutano ya kijiji baada ya umuganda, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, pale ambapo daktari wa mifugo wa umurenge anaweza kuonyesha waya huo ulivyo na kueleza la kufanya mtu akiumwa: kuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha kwenda kituo cha afya siku hiyo hiyo bila kungoja dalili. Faini ije baadaye, kwa aliyeonywa akakaidi. Na marufuku kamili ya kumfunga mbwa, kama vizazi vijavyo vitaitaka, itakuta njia imekwisha kutengenezwa.

Upande wa Serikali, hauna budi kukumbuka kwamba mwananchi hawezi kuamriwa kuchanja bila chanjo kuwapo. Wakuu wa pande zote mbili za mto wangefanya jema kulitia na jambo hili katika shughuli zao, ili mbwa wa Kamembe na wa Bukavu wachanjwe katika majira yale yale. Dunia imejiwekea lengo kwamba ifikapo mwaka 2030 asife tena mtu kwa kichaa kinachotokana na mbwa. Miaka iliyobaki ni michache.

Ndugu wasomaji, tumesema kwamba anayemfunga mnyama huchukua deni. Katika suala hili asiyelipa deni lake haumizi mbwa peke yake. Wanaolilipa ni mtoto anayepita akienda shule, mama anayerudi sokoni jioni, na jirani aliyekuja kuomba moto. Hao ndio wanaostahili sheria hii, nayo inaweza kuanza kwa kipande cha waya na sindano moja.